Gundi Irudi kwa Seremala

Jumatatu nilimkuta mmoja wenu akilipaka gundi nyeupe taya la swala lililoletwa kutoka Turkana, ilhali lebo yake tayari ilisema linakwenda kupimwa kaboni-14, ile ambayo hupungua kadiri mfupa unavyokaa na hivyo hutuambia umri wake. Sikumgombeza, kwa kuwa kosa hilo lilikuwa langu kabla ya kuwa lake. Lakini chupa nimeifungia kabatini, na ufunguo ninao.

1. Sampuli ya umri hutengwa shimoni, si mezani Nairobi. Katika msimu wangu wa kwanza, si mbali na Lothagam, huko huko Turkana, nilifukua mfupa wa paja la swala kwenye mashapo ya ziwa la kale, na kila nilipoupitishia brashi ulimeguka kama mandazi ya juzi. Nikazimua gundi ya seremala kwa maji, nikaunywesha mpaka ukakaza, nikajiona fundi. Majibu yaliporudi, mfupa ulikuwa mkongwe kuliko mkaa wa tabaka la chini yake. Mwenye akili angejiuliza amefanya nini. Mimi niliandika kurasa tatu kueleza jinsi mto ulivyoung'oa katika mashapo ya zamani zaidi na kuutupa ufukweni, kisha nikazisoma mbele ya watu bila haya. Mzee mmoja wa maabara aliinua kipande kilichobaki, akakigeuza dirishani, akauliza kwa upole, "Kijana, hiki kinachong'aa ni nini?" Gundi ile hutokana na mafuta ghafi, ambayo kaboni-14 yake ilikwisha zamani, ndiyo maana iliuzeesha mfupa. Lau ningetumia gundi ya ngozi, ambayo yenyewe ni kolajeni changa (kolajeni ndiyo protini ya mfupa tunayoipima umri), ningeurudisha ujanani, na kuzitenganisha kolajeni mbili ni kazi nisiyomtakia yeyote.

2. Fungeni mfupa kwa foili, si kwa pamba, maana pamba nayo ina kaboni changa.

3. Mfupa wa samaki si mbadala wa swala, kwa sababu samaki hujijenga kwa kaboni iliyoyeyuka ziwani, ambayo huenda ni ya kale kuliko yeye.

4. Joto la Turkana hula kolajeni. Pimeni naitrojeni, inayoonyesha kolajeni iliyobaki, kwa unga kidogo kabla ya kukata gramu nzima, maana mfupa mbichi una kolajeni takriban asilimia 20, na uliobakiza chini ya asilimia 1 kwa kawaida haukubaliwi.

Kipande changu kiko kwenye droo ya tatu, bado kinang'aa. Atakayepanda gari la Lodwar wiki ijayo apite kwanza akishike.