Gasketi mbili, au tatu?

SWALI: Jambo Papa fundi. Nina Toyota ist ya 1.3. Nikibeba watu wanne kupanda Kadutu, gari linachoka mpaka wapita njia wananicheka. Kuna fundi aliyepata supachaja, ile pampu ya kuisukumia mota hewa zaidi, kutoka kwenye gari lililogongwa. Anataka dola 450 aifunge, na ataweka gasketi mbili za silinda hedi (kile kibati cha kuziba kati ya mota na kifuniko chake) ili mbano wa mota ushuke. Anasema huku kwetu juu hewa ni nyepesi, hivyo pistoni haziwezi kuumia. Je, gasketi mbili zinatosha au niweke tatu? — Msomaji, Bagira, Bukavu

JIBU: Ndugu yangu, hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya niache chai ipoe. Habari ya gasketi mbili naletewa kila mara, na kila anayeileta amekwisha kuambiwa kwamba ndivyo wanavyofanya mafundi wote. Mimi sifanyi.

Mota yako, 2NZ-FE, ina mbano wa 10.5 kwa 1, yaani mchanganyiko wa hewa na esansi unabanwa mpaka nafasi yake inapungua mara 10.5. Toyota walipoamua kufunga supachaja kwenye mota yao ya 1.6 mwaka 1986, ile 4A-GZE, hawakuchukua 4A-GE ya kawaida, isiyo na supachaja, wakaichomekea mkanda. Walishusha mbano kutoka 9.4 hadi 8, wakaweka pistoni za kufuliwa, kipoza hewa, na kompyuta inayojua kwamba kuna supachaja. Wenye kiwanda chao waliogopa 9.4. Fundi wako anaingia na 10.5 na spana mkononi.

Sasa tupige hesabu ya gasketi. Chukua moja yenye unene wa milimita 0.6. Pistoni yako ina kipenyo cha milimita 75 na husafiri milimita 73.5. Gasketi ya pili inakushusha hadi karibu 9.8. Ya tatu, 9.2. Ukitaka kufika 8 kama Toyota, utarundika nne au tano juu ya ile ya kiwandani, na hapo silinda hedi imekaa kama mfuniko wa sufuria iliyojaa kupita kiasi. Maji yatapata njia kabla hujamaliza wiki.

Lakini hata hesabu si ubaya mkubwa. Pistoni inapofika juu kabisa, ukingo wake hukaribia silinda hedi hadi karibu kugusana. Waliochora mota walikusudia hivyo: mchanganyiko wa hewa na esansi unasukumwa kutoka pembeni kuelekea kwenye buji (plagi inayotoa cheche), unavurugika, unaungua haraka na kwa usawa. Ukiinua silinda hedi, ile nafasi ya pembeni inapanuka, mchanganyiko unajificha humo, unapata moto kuliko mwingine, halafu unalipuka wenyewe kabla moto wa buji haujaufikia. Huko ndiko tunakoita kugonga. Yaani umeshusha mbano ili mota isigonge, na kwa mkono uleule umeiandalia kona ya kugongea. Hapo supachaja haijaanza kazi. Ikianza, hewa inayoibana inatoka ya moto, na bila kipoza inaweza kupita nyuzi 80.

Nina pistoni moja juu ya meza yangu ya kazi, nimekataa kuitupa. Kwa juu ni nzima, nyeusi kidogo tu. Igeuze ubavu: ukuta mwembamba kati ya pete ya kwanza na ya pili umemeguka, kipande cha upana wa kidole gumba hakipo, na palipomeguka pana chembechembe kama sukari guru iliyovunjwa. Buji ya silinda ile ilikuwa na vidoa vidogo vinavyong'aa juu ya kauri nyeupe. Ni alumini ya pistoni. Mwenye gari alisema alisikia kitu kama mawe ndani ya kopo kwa siku mbili, akaongeza sauti ya redio.

Kuhusu hewa nyepesi, fundi wako ameokota nusu ya ukweli. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi, na mota isiyo na supachaja inapoteza huku kama asilimia 15 ya nguvu yake. Ni kweli pia kwamba hewa hiyo inapunguza kugonga. Sasa siku utakayochukua abiria kushuka Uvira? Pale ni karibu mita 800 na joto la bonde la Ruzizi. Supachaja inazidisha hewa iliyoikuta, na ile ya kule ni nzito zaidi na ya moto zaidi. Mota iliyovumilia Kadutu itapasukia chini, kwenye tambarare, gari likiwa linakimbia vizuri.

Na esansi je? Ukinunua kwa kadhafi, muuza esansi wa barabarani, kwenye bidoni, na mwenyewe ameongezea petroli ya taa ili ipate wingi, umenunua kugonga kwa lita. Kompyuta ya gari inajitetea kwa kusikiliza kugonga huko na kuchelewesha cheche. Kwa hiyo wajanja wanafanya nini? Wanaidanganya ile sensa inayosikiliza, ili gari "lisirudi nyuma", yaani lisicheleweshe cheche. Ni sawa na kumziba mlinzi mdomo kwa sababu anapiga kelele usiku.

Kuna na wale wa feni ya umeme, kiplastiki cha kuchomeka kwenye bomba la hewa, eti turbo. Kuipa mota ya 1.3 hewa ya ziada ya maana ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kunahitaji karibu kilowati 4. Kwa volti 12 hizo ni ampea zaidi ya 300. Alteneta yako haifiki hata theluthi. Kile kifeni kinaziba njia ya hewa, basi.

Gari lako, nadhani, halina njaa ya supachaja. Pima mbano wa silinda zote nne. Toa filta ya hewa uitazame kwenye jua. Angalia kama katalisti, ile ya kwenye bomba la moshi, imeziba, kama breki zinashika zenyewe, kama mafuta ya gia otomatiki yananuka kuungua. Ukikuta vyote vizima na bado unataka nguvu, Toyota waliiuza ist hiyohiyo na mota ya 1NZ-FE ya 1.5, yenye nguvu za farasi 109 dhidi ya 87 zako. Inakaa palepale, tafuta nzima, pamoja na kompyuta yake.

Kabla ya kutoa hata dola moja, fungua buji zako nne, zifunge kwenye karatasi ukiandika kila moja imetoka silinda gani, uniletee. Usizisafishe.