Mapigo saba yaliyomrudisha bibi kitini

Wadogo zangu mnaoanza kutunga taarabu, naanza na aibu yangu mwenyewe. Nilipomaliza masomo ya muziki nilirudi kundini na wimbo wa mapigo saba, matatu kisha manne, nimeuhangaikia wiki nzima na kujiona fundi. Tukaupiga harusini, Ng'ambo, mjini Unguja. Ubeti wa pili bibi mmoja akainuka na noti ya elfu kumi, akaja kumtunza mwimbaji kwa zile hatua za madaha mnazozijua, mkono juu, bega linacheza. Hatua ya nne mguu ukakosa pa kutua. Akatazama chini kama aliyekanyaga kitu, akajaribu tena, kisha akaikunja noti yake na kurudi kitini. Hakuinuka mwengine mpaka wimbo ukaisha.

Mzee wetu wa fidla hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hiyo saba umeiweka pahala pake?"

Taarabu yetu haiogopi hesabu ngumu. Samai, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia, ina mapigo kumi na hakuna anayenung'unika, kwani inapopigwa watu wanasikiliza tu, wengine bado wanatafuta viti, hakuna anayeichezea. Mwimbaji akishafungua mdomo mambo hubadilika. Msikilizaji ana maneno ya kushika, ana fumbo la kupima limemlenga nani, na akiguswa anataka kuinuka akatunze. Ukimtwika na hesabu mpya juu ya hayo, humuachii nafasi.

Basi wimbo niliupasua. Saba nikaihamishia kwenye muziki wa mwanzo na ule wa baina ya beti, ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na fidla zikijibizana. Beti nikazirudisha kwenye mdundo wa rumba, kiitikio nikakiacha mizani minane kwa minane. Waitikiaji waliokuwa wakinitumbulia macho wakakishika siku ile ile.

Jengine dogo: mkitunga kwa maqamu, yaani ngazi za sauti, za rasti au bayati, kumbukeni kinanda kama kilivyotoka dukani hakina ile robo sauti, inayokaa baina ya vibao viwili. Fidla itaipata, kinanda kitagonga pembeni, na mtu asiyejua hata jina la maqamu atasema kinanda kibovu. Kama chenu kinakubali kurekebishwa sauti, kirekebisheni. Kama hakikubali, kinyamaze hapo.

Wapo watakaokwambieni wapeni watu walichokizoea, basi. Siwaafiki hata kidogo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa kijiji cha Fumba, Unguja, alipokwenda Bombay kurikodi mwaka 1928 aliimba Kiswahili katika muziki ambao kwa wakubwa wa mjini ulikuwa wa Kiarabu. Hilo si jambo dogo. Lakini udi ulibaki udi, na fidla ikabaki fidla. Mimi naona ndiyo maana sikio halikumkimbia: geni lilikuwa moja, lugha, nalo ni kubwa, na mengine yote yalikuwa ya nyumbani. Sisi wa leo twataka kugeuza mdundo, maqamu, ala na lugha ndani ya dakika sita.

Siku hizi, kabla sijapeleka wimbo kwa kundi zima, naupiga kwanza kidumbaki, ile taarabu ya kundi dogo: sanduku la uzi la sauti nzito, vidumbaki viwili, yaani ngoma ndogo, cherewa za kutikisa, mkwasa wa kugonga, fidla moja. Hapo hakuna safu ya fidla ya kukufichia udhaifu. Juzi nimejaribu mpya namna hiyo, na ubeti wa tatu umenichosha mimi mwenyewe niliyeutunga. Nimeukata, ingawa ndani yake mlikuwa na mgeuko wa kuingia maqamu ya hijazi niliokuwa nikiringia.