Leso kuukuu msitupe

SWALI: Asalaam alaykum Shangazi, mie niko hapa Langoni, Lamu, nina leso mbili zimechakaa na mwanangu wa mwaka mmoja hana cha kuchezea, pesa nayo hakuna. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Hizo ni mali usizifanye tambara la deki! Leso yachakaa kwenye mji, yaani pale katikati, lakini pindo mara nyingi liko zima, so kata pindo na ule upande wa jina, yale maneno yaloandikwa, uwashonee watoto wakubwa mkoba wa chuoni. Huyo mdogo mtengenezee mtoto wa kitambaa, weka vipande viwili uso kwa uso, chora umbo kwa chaki, shona kwa mkono mishono midogo ya kurudi nyuma maana bandi tupu, ile mishono ya kupitisha sindano mbele tu, huachia, bakisha nafasi ya vidole viwili ndo ugeuze ujaze. Usufi ni mwepesi lakini ukifuliwa hushikana madonge, mie napenda vipande vya leso hiyohiyo vilokatwa vidogo vidogo. Macho tarizi kwa uzi. Vifungo hapana, tafadhali sana, umri huo kila kitu ni mdomoni na kifungo kikichomoka kitamkaba.