Kwa nini programu haioni kipanya mpaka kitufe kibonyezwe?

Swali: Natengeneza programu ya dirisha kwa Python na PySide6, ya kutazama michoro ya viwanja iliyoskaniwa. Nataka kishale kinapopita juu ya mchoro, x na y zionekane chini ya dirisha. Nimeandika mouseMoveEvent kwenye dirisha kuu, lakini namba hazibadiliki mpaka nibonyeze kitufe cha kipanya na kukishikilia. Hata zikibadilika, y haianzi na sifuri juu ya mchoro. Tatizo liko wapi?

Jibu: Ndugu, Qt, maktaba ya madirisha ambayo PySide6 imejengwa juu yake, ndivyo ilivyopangwa. Kama hakuna kitufe kilichobonyezwa, wijeti (kipande chochote cha dirisha, kama kitufe au lebo) haipewi taarifa za mwendo wa kipanya mpaka uiombee kwa setMouseTracking(True).

Wengi huandika mstari huo kwenye dirisha kuu, wakashangaa hakuna kilichobadilika. Kumbe kishale kinapita juu ya QLabel, yaani lebo iliyobeba mchoro, na hiyo ndiyo inayopokea tukio kwanza. Kila wijeti ina mpangilio wake. Lebo hairithi ule wa dirisha. Kwa hiyo tengeneza klasi inayorithi QLabel, washa ufuatiliaji ndani ya __init__, na mouseMoveEvent iandike humohumo. Mahali pa kishale utapasoma kwa event.position(), kwenye Qt 5 ilikuwa event.pos(). Kisha lebo itume signali (ujumbe wa Qt kutoka kitu kimoja kwenda kingine), dirisha kuu liandike namba kwenye statusBar, upau ulio chini ya dirisha.

Sasa y. Ukipima ukiwa kwenye dirisha kuu, urefu wa menyu na upau wa zana unahesabiwa pia. Kuhamia kwenye lebo kunaondoa hilo, lakini kuna kosa la pili lililojificha: QLabel huweka picha katikati kwa wima. Mchoro wa pikseli 600 kwenda chini, ukikaa ndani ya lebo ya 800, unaachiwa nafasi ya 100 juu yake, na y ya ukingo wa juu wa mchoro inasomeka 100. Kwa ramani ya kiwanja hilo si jambo dogo. Mtu akizigeuza namba hizo kuwa mita, mpaka wa jirani umeshahama.

Mimi ningeiweka lebo ndani ya QScrollArea, eneo linaloruhusu kusogeza kilichomo, baada ya kuipa picha kwa setPixmap, na setWidgetResizable niiache ilivyo, yaani imezimwa. Lebo itabaki na ukubwa wa mchoro, na hata ukisogeza mchoro juu au chini, position() bado inahesabu kuanzia kona ya lebo.

Utakutana na ushauri wa kuweka QTimer (kipima muda cha Qt) inayouliza mahali pa kishale kwa QCursor.pos() kila mara. Usiufuate. Programu inafanya kazi bure hata kipanya kikiwa kimetulia, unapewa nafasi kwenye skrini nzima badala ya mchoro, na kwenye Linux yenye Wayland (mfumo wa kuonyesha madirisha) jibu haliaminiki kishale kikitoka nje ya madirisha yako.

Kama baadaye utataka watu wachore mipaka kwa kipanya, unganisha kila nukta na iliyotangulia kwa mstari. Mkono ukienda haraka, matukio hayaji kwa kila pikseli, na nukta bila mistari zitaacha mapengo.

Ukimaliza, peleka kishale kwenye kona ya juu kushoto ya mchoro: isomeke 0, 0. Panua dirisha lijae skrini, urudie palepale. Namba zikibaki zilezile, endelea na kazi ya kuzigeuza kuwa mita.