Usimwage hizo chupa usiku huu, pima chumvi kwanza

Weka hiyo chupa chini. Salamu tutapeana baadaye.

Mkuu, umeandika kwamba kwenye tangi lako la maji ya chumvi nyumbani tumbawe lako la nyundo limenywea wiki ya tatu sasa, minyiri haitoki, mfupa umeanza kuchungulia pembeni, na umepima ukapata KH (kipimo cha bikaboneti kwenye maji) digrii 6.8, kalsiamu 360, magnesiamu 1120, hizo mbili kwa miligramu kwa lita. Halafu ukamalizia na ile sentensi iliyofanya chai yangu ipoe: jamaa wa dukani kakuuzia chupa tatu na leo usiku unamwaga zote. Hizo namba nazijua kama namba ya simu ya mama yangu. Nilikuwa nazo mimi, karibu hivyohivyo, na muuzaji wa huku Uingereza, ambaye hamjui huyo wako wa Muscat hata kwa sura, aliniuzia chupa tatu za aina hiyohiyo. Nadhani walisoma darasa moja.

Waliotangulia kukujibu wanabishana KH iwe 8 au 9. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza chumvi umeipima kwa kifaa gani. Na wewe umeandika "chumvi iko sawa" ukapita zako. Hapo hapo ndipo nilipojikwaa mimi.

Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa kila kilo. Ule unga wa chumvi tunaonunua umechanganywa ili ukifika 35, KH na kalsiamu na magnesiamu vyote viwe mahali pake. Maji yakiwa mepesi, vyote vinashuka pamoja. Ni kama chai ya maziwa aliyoiongeza maji mtu mchoyo: sukari imepungua, majani yamepungua, maziwa yamepungua, na wewe unataka kuiokoa kwa kuongeza majani peke yake. Sasa sikiliza. Tumbawe linatumia KH na kalsiamu kujengea mfupa, magnesiamu linaigusa kidogo tu. Ukiona KH imeshuka na magnesiamu imesimama kwenye 1300, sawa, matumbawe yanakula, yape. Ukiona magnesiamu nayo imeporomoka, shuku chumvi. Chukua KH 8, kalsiamu 420, magnesiamu 1300, ondoa moja ya saba katika kila moja, maana ndiyo tofauti ya 35 na 30. Unapata 6.9, 360 na 1115 hivi. Haya, rudia kusoma namba zako mwenyewe.

Mimi sikupiga hesabu hiyo. Nilikuwa na tangi la lita 200, ukitoa mawe maji halisi ni kama 160. Ndani kulikuwa na Acropora mbili, yale matumbawe ya matawi, nilizozilea tangu zikiwa na urefu wa kidole, na nyundo moja yenye vichwa vitatu. Mama watoto alishaniuliza zaidi ya mara moja kwa nini mtu mzima wa Tanga, ambaye babu yake alichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea, analipa pauni 60 kununua jiwe na kulipa umeme ili lisife. Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Nyundo ikaanza kunywea kama yako. Nikabeba maji kwenye chupa mpaka dukani. Yule bwana akapima KH, akapima kalsiamu, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Nikamwambia chumvi yangu inasoma 1.025, yaani uzito wa maji ukilinganisha na maji matamu, karibu na ile 35. Hakuuliza inasoma kwenye nini. Mashine ya kupimia chumvi ilikuwa hapo mezani, hatua mbili kutoka kwenye mkono wake! Akanipa unga wa KH, chupa ya kalsiamu, na chupa ya tatu ya "vitamini" ambayo mpaka leo sijui ilikuwa nini, labda juisi. Pauni 54. Mungu amsamehe, mimi bado.

Usiku ule nikamwaga gramu 20 za unga wa KH kwa mkupuo. Gramu 20 si nyingi ukizitazama kwenye kijiko. Lakini gramu 3 tu za bikaboneti, ile ya kuumulia maandazi, zinapandisha KH ya lita 100 kwa digrii moja. Piga mwenyewe hesabu ya lita 160. Asubuhi nikapima, 10.8. Nikafurahi! Nikapiga na picha ya kile kichupa cha kupimia, nikaiweka humu jukwaani, mkanipongeza. Wengine mko kwenye uzi huu, nawaona.

Jioni nikaja na kalsiamu. Sikuiyeyusha vizuri, nikaimwaga kona moja karibu na pampu. Ndani ya dakika chache maji yakawa meupe kama tui la nazi. Magnesiamu ndiyo husaidia kuzuia kalsiamu na KH visigandane, na yangu ilikuwa imeshuka, kwa hiyo vilishikana vikawa chokaa. Chokaa, ndugu zangu. Babu alihitaji tanuru na magogo, mimi nilihitaji chupa mbili tu. Hita ikavaa koti jeupe, pampu ikaanza kulia.

Siku ya tatu Acropora ya kwanza ikaanza kuvuka ngozi kutoka kwenye shina kwenda juu. Si kupauka. Tusichanganye hayo mawili, maana umeandika "limepauka" na kwenye picha yako sioni hivyo. Likipauka, nyama ipo bado, limewapoteza tu wale mwani wadogo wanaolilisha, na linaweza kurudi. Ndivyo yalivyokuwa matumbawe ya kwetu pwani mwaka 1998 kwenye ule joto: yalipauka, mengi yakafa, mengine yakarudi. Kuvuka ngozi ni nyama yenyewe inaachia mfupa, na ilipoachia hairudi. Nililala saa nne usiku nusu ikiwa hai, nikaamka nikakuta mfupa mweupe safi kama jino la mtoto. Ya pili ikafuata kesho yake.

Nyundo ilichukua njia yake. Kichwa kimoja kikatoa ute wa kahawia, unaning'inia kama makamasi na unanuka ukiutoa nje ya maji. Na mimi bingwa nikachukua bomba la sindano, nikaupuliza uondoke. Ukaondoka kweli. Ukaenda kukaa kwenye kichwa cha pili. Ukiuona ute huo usiupulize, ufyonze kwa mpira uutoe nje ya tangi, na kichwa kilichooza kikate ukitupe. Nilibaki na kichwa kimoja. Kama pauni 300 ziliondoka wiki ile, na bado chanzo chenyewe sikuwa nimekigusa.

Nilikipata kwa bahati. Jirani mmoja mfugaji wa matumbawe alikuja kutoa pole, maana tulikuwa msibani kabisa, akiwa na rifraktomita yake, kile kifaa cha kioo cha kupimia chumvi kwa mwanga. Akatazama, akafuta kioo, akatazama tena. 30. Haidromita yangu ya plastiki, kile kipimo cha chumvi chenye mshale unaoelea, bado inasema 1.025 bila aibu. Mshale ulikuwa umeshikwa na vipovu vya hewa, vikiunyanyua juu kuliko ukweli, na pale unapozungukia pameota chumvi. Nilikuwa naiamini kuliko ninavyoiamini saa ya ukutani.

Na chumvi ilikwenda wapi? Skima, kile kifaa kinachotoa uchafu wa tangi kwa povu. Ilikuwa inatoa maji mengi mepesi badala ya povu zito, kikombe kinajaa kila siku, na mimi najisifu kwamba inafanya kazi. Kumbe inatoa maji ya chumvi, na kile kifaa kinachojazia maji yaliyopungua kinarudisha maji matamu. Kidogo kidogo, miezi mitano. Umesema skima yako ni mpya na "inafanya kazi sana". Nenda kaitazame sasa hivi.

Kwa hiyo: azima rifraktomita leo. Irekebishe kwa maji maalumu ya 35, si kwa maji matamu, maana inaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na ikadanganya kwenye 35. Ukikuta 30 au 31, usimwage unga wa chumvi tangini. Kile kinachovukizwa kila siku kijazie kwa maji ya chumvi ya 35 badala ya maji matamu. Kwangu zilikuwa lita 3 kwa siku, chumvi ikapanda polepole, chini ya gramu moja kwa kilo kwa siku, na baada ya siku nane hivi nilikuwa 35. Kisha pima tena KH na wenzake. Zangu zilirudi zenyewe, bila chupa. Chupa mbili nilizobaki nazo ziko kabatini, nimezihifadhi kama ushahidi.

Taa usiipandishe na tumbawe usilisogeze juu. Mgonjwa hahamishiwi juani. Kulikuwa na swali jingine la samaki kulisuguasugua na sijui kulilisha kamba, hayo waulize wengine, mimi nimeshapandwa na presha.

Kile kichwa kimoja kilichobaki sasa ni vichwa saba. Rudi hapa na namba ya chumvi, na useme umeipima kwa nini. Ukirudi na picha ya KH 11 sikujibu.