Maswali ya Wasomaji: Miwani ya uhalisia pepe kwenye Linux

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Kompyuta yangu inatumia mfumo endeshi wa Linux, na shemeji yangu ameniletea miwani ya Meta Quest 2. Michezo niliyonunua Steam, duka la michezo mtandaoni, imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Je, ni lazima nirudi Windows?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba. Si lazima. Tangu mwaka 2018 kampuni ya Valve imeweka ndani ya Steam programu iitwayo Proton, iliyojengwa juu ya Wine (programu inayowezesha programu za Windows kufanya kazi kwenye Linux). Proton hupokea maagizo ya picha ya Direct3D, yaani ya Windows, na kuyageuza kuwa ya Vulkan, ambayo Linux inayaelewa.

Ugumu wako hasa uko kwenye miwani, kwa kuwa Meta, kampuni inayoitengeneza, haijatoa programu ya kuiunganisha na Linux. Tumia WiVRn, programu huria ya bure: sehemu moja husakinishwa kwenye kompyuta, nyingine kwenye miwani, na picha husafiri kwa Wi-Fi ya nyumbani bila kula kifurushi chako cha intaneti. Hapo ndipo wengi hukwama. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, miwani peke yake itumie masafa ya 5 GHz, nawe ukae chumba kimoja na ruta. Picha ikichelewa unapogeuza kichwa, kizunguzungu hakikawii. Usivumilie, vua miwani upunguze ubora wa picha.

Michezo ya kushindana mtandaoni yenye ulinzi dhidi ya udanganyifu ni habari nyingine, kwani baadhi yake hukataa Linux kabisa. Kabla ya kununua, soma taarifa za wachezaji kwenye tovuti ya ProtonDB.