Jina la chuo, au shamba lake?

Matokeo yangu ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yalipotoka, baba alikuwa amekwisha kuamua: ningesoma Chuo Kikuu cha Nairobi. Alilitaja lile jina la chuo kanisani, kwa kinyozi, hata kwenye foleni ya maziwa. Pointi zangu za klasta, zile za masomo yanayohitajika kwa kozi, zilitosha. Mimi nilitaka kilimo cha mimea, tena Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro. Kwetu ni Mau Narok, na gari letu la kwenda Nakuru hupita hapo hapo langoni. Baba hakuelewa kwa nini mtoto aliyefaulu asomee mahali tunapopapita kila siku ya soko.

Simlaumu. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe karo ana haki ya kutaka jina ambalo majirani watalitambua.

Kilichoniamulia ni ziara moja. Binamu yangu, wakati huo akiwa mwaka wa tatu, alinipeleka kwenye ploti yake ya maharagwe. Alijua kila mstari aliupanda lini na kwa mbolea kiasi gani. Egerton kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987, na mpaka leo shamba ni sehemu ya darasa. Hapo Njoro pia kuna kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, ambako ngano kutoka nchi nyingi hupandwa ili kuona ipi itahimili kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu, ikiwemo aina ya Ug99 iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Atachmenti yangu, yaani mafunzo ya kazini, niliifanyia huko, nikiinama kutwa nzima kukadiria ni kiasi gani cha kila shina kimeshikwa na ugonjwa.

Nilipoitwa kwenye usaili wangu wa kwanza wa kazi, niliwekewa mashina mawili ya ngano mezani. La kwanza lilikuwa na vidonda virefu vya rangi ya kutu vilivyopasua ngozi ya shina. La pili lilikuwa zima, ila majani yake yalijaa vidoa vidogo vya mviringo. Nilieleza tofauti ya kutu ya shina na kutu ya majani bila kusita. Cheti changu walikitazama baadaye.

Jina lina uzito wake, sikatai. Rafiki yangu aliyesoma biashara Nairobi alipata kazi kupitia watu aliosoma nao, na kwa kozi kama hiyo hata mimi ningemshauri mtu aende kwenye jina. Lakini kama kozi yako inahitaji maabara, wodi, karakana au shamba, nenda ukavione kwa macho yako, siku ya kawaida ya masomo. Watafute wanafunzi wa mwaka wa tatu. Mara ya mwisho kushika vifaa ilikuwa lini? Atachmenti walienda wapi, na nani aliwatafutia? Wahadhiri wa kozi hiyo ni wa kudumu au wanakuja na kuondoka?

Kwa uhandisi, hakikisha kwanza kwamba kozi imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi. Bila hilo unaweza kumaliza miaka 5 halafu ukakwama kwenye usajili, na hakuna jina la chuo litakalokuokoa hapo.

Binti ya dada yangu anachagua mwaka huu, na anataka uhandisi. Nimemwambia tufanye haya yote kabla dirisha la kubadilisha machaguo la KUCCPS, wanaowapanga wanafunzi vyuoni, halijafungwa. Jumatatu tunaanza na karakana.